SOMO LA KUPIMA MPANGO WA BIASHARA: JARIDA JIPYA NA FEDHA YA MWANACHAMA



Somo letu la safari hii lahusu namna ya kupima mpango wa biashara ulioandikwa na watu wengine, ambao chama kinaombwa kutia fedha zake. Kazi hii si ya mkaguzi peke yake. Mkaguzi hufika fedha zikiwa zimekwisha kutumika, lakini Katibu na Bodi huwapo kabla. Kasoro inayoonekana mapema hurekebishwa kwa kalamu; ile inayoonekana katika ripoti ya ukaguzi imekwisha kula mazao ya mtu.

Kikundi cha wanafunzi sita wanaosomea ushirika kilileta kwenye chama kikuu mpango wa kuanzisha jarida la kila mwezi kwa ajili ya wanachama, nami nikatakiwa kutoa maoni. Vijana hao wameridhia mpango wao utumike kuwa somo, bila kutaja majina. Yafaa tuwashukuru, kwa kuwa makosa yaliyomo si yao peke yao. Ndiyo yale yale yanayopatikana katika mipango ya mashine za kukoboa, maduka ya pembejeo na malori.

1. Mpango ulivyosema

Chama kikuu kina vyama vya msingi 40 vyenye wanachama wapatao 24,000. Jarida lingekuwa na kurasa 32 na jalada la rangi, nakala 2,000 kwa kila toleo, bei shilingi 2,000. Kila chama kingetoa mchango wa shilingi 300,000 kutoka fungu la elimu, yaani jumla shilingi 12,000,000. Kati ya hizo, shilingi 7,500,000 zingenunua kompyuta, kamera na pikipiki. Zilizobaki, shilingi 4,500,000, zingekuwa fedha za kuendeshea kazi.

Shilingi 300,000 kwa chama chenye wanachama 600 ni shilingi 500 kwa kila mtu. Wapo watakaosema kwamba mia tano si kitu. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana fedha kidogo ya watu wengi mara nyingi haina mlinzi. Mwanachama hawezi kufunga safari kuja ofisini kudai mia tano yake, hata kama ni mjane mwenye vigunia viwili, hata kama hajui kusoma na jarida hilo halitamfaa. Anayemlindia ni Katibu.

2. Yaliyo mema katika mpango

Tusianze kwa kubomoa. Vijana hawa waliona jambo la kweli: wanachama wengi hupokea malipo yao wasijue yamepatikanaje. Huona bei ya mnada, kisha huona fedha mkononi zikiwa pungufu, na maelezo ya makato hayawafikii. Mahali ambapo makato hayaelezwi, uvumi huchukua nafasi ya hesabu, na chama huanza kufa hata kama vitabu vyake ni safi. Jarida linalofundisha kusoma stakabadhi, kujua madaraja ya mazao, na kuelewa haki ya mwanachama katika Mkutano Mkuu ni chombo cha kulinda chama.

Hata hivyo, walitaka pia kutangaza bei za mazao kila mwezi. Siku hizi bei hupita kwenye simu kwa dakika moja. Bei iliyochapwa leo ikamfikia mkulima baada ya wiki tatu ni habari ya kale. Kilichobaki kuwa kazi ya karatasi ni yale yasiyochakaa upesi: somo linalohifadhiwa, linalosomwa kwa sauti kikundini, na ambalo mtoto wa shule aweza kumsomea bibi yake jioni. Kila mpango uulizwe swali hili kwanza: je, kazi hii haifanywi tayari, kwa bei nafuu zaidi, na chombo kingine?

3. Kukubali si kulipa

Ili kuthibitisha kwamba soko lipo, wanafunzi waliwauliza watu 120 siku ya gulio. Watu 96 walisema wangependa kununua jarida. Wakaandika pia kwamba wakipata mnunuzi mmoja tu kwa kila wanachama kumi watauza nakala 2,400, na kwamba kuchapa 2,000 ni tahadhari.

Hesabu hizi mbili zina udhaifu wa namna moja. Mzee akiulizwa na kijana mwenye daftari, "Je, Mzee, ungependa kusoma jarida la ushirika?", atajibu ndiyo. Hiyo ni adabu, wala si oda. Na hakuna mtu aliyetafuta huyo "mmoja kwa kumi". Amepatikana kwa kugawanya tu. Ingefaa vijana wabebe toleo la mfano la kurasa nne pamoja na kitabu cha stakabadhi, waseme, "Bei ni shilingi 2,000, ukilipa leo utaletewa toleo la kwanza." Kama kati ya watu 120 wangelipa 15, wangekuwa na jambo la hakika la kujengea. Wanunuzi 15 waliolipa wana uzito kuliko 96 waliokubali kwa mdomo.

Makatibu mnalijua jambo hili. Wakati wa kukusanya mahitaji ya mbolea, mikono huinuliwa mingi. Siku ya kulipia, foleni huwa fupi.

4. Hesabu ya toleo moja

Hapana budi kila biashara ikatwe vipande hadi kipande kidogo kabisa kinachoweza kupimwa. Kwa jarida, kipande hicho ni toleo moja. Makisio ya wanafunzi yalikuwa hivi:

Gharama zisizobadilika kwa kila toleo, hata ikichapwa nakala moja tu:
Kupanga kurasa na kutayarisha chapa: Sh. 600,000
Safari na posho za waandishi: Sh. 500,000
Ofisi na simu: Sh. 200,000
Leseni na mengineyo: Sh. 100,000
Jumla: Sh. 1,400,000

Gharama za kila nakala:
Karatasi na kuchapa: Sh. 900
Usafirishaji: Sh. 150
Kamisheni ya wakala, kwa nakala iliyouzwa tu: Sh. 400
Jumla: Sh. 1,450

Nakala ikiuzwa shilingi 2,000, hubaki shilingi 550 za kusaidia kulipa zile gharama zisizobadilika. Gawanya 1,400,000 kwa 550, utapata nakala 2,546. Hicho ndicho kiwango ambacho jarida, bila matangazo ya biashara, halipati faida wala hasara. Lakini mpango ni kuchapa nakala 2,000! Maana yake, hata zikiuzwa zote pasibaki hata moja, mauzo peke yake yataacha upungufu wa shilingi 300,000 kila mwezi. Jambo hili halikuandikwa popote katika mpango, wala halikufichwa. Hakuna aliyefanya mgawanyo huo.

Wanafunzi waliziba pengo kwa matangazo ya wauza mbegu na mbolea, shilingi 1,000,000 kwa toleo. Hivyo mpango ukaonyesha ziada ya shilingi 700,000. Sasa tuipime ziada hiyo kwa hali ya kawaida. Tuseme zimeuzwa nakala 1,200, na matangazo yaliyolipiwa ni nusu:

Mauzo, 1,200 kwa Sh. 2,000: Sh. 2,400,000
Toa kamisheni: Sh. 480,000
Baki: Sh. 1,920,000
Ongeza matangazo: Sh. 500,000
Mapato: Sh. 2,420,000

Gharama zisizobadilika: Sh. 1,400,000
Kuchapa na kusafirisha nakala 2,000: Sh. 2,100,000
Matumizi: Sh. 3,500,000

Upungufu: Sh. 1,080,000

Angalieni kwamba nakala 800 zilizobaki zimelipiwa karatasi na usafiri sawasawa na zilizouzwa. Mahindi yasiyouzwa leo yaweza kuuzwa mwezi ujao. Jarida la mwezi uliopita ni la kufungia maandazi. Kwa mwendo huu, zile shilingi 4,500,000 zitatosha matoleo manne, na baada ya hapo zitabaki shilingi 180,000. Toleo la tano halitatoka.

5. Faida ya kwenye karatasi na fedha ya mkononi

Huenda msomaji akasema, "Mkaguzi amechukua hali mbaya mno." Haya, tuchukue hali njema kabisa. Nakala zote 2,000 zimeuzwa, na matangazo yote yamelipiwa kabla ya kuchapwa. Ila mawakala, kama ilivyo desturi, hurudisha fedha za mauzo baada ya miezi miwili.

Toleo la kwanza linahitaji shilingi 3,500,000, na la pili vilevile: jumla 7,000,000 kabla ya senti ya kwanza ya mauzo kurudi. Toa matangazo ya matoleo mawili, shilingi 2,000,000. Zinatakiwa shilingi 5,000,000 taslimu, na zilizopo ni 4,500,000. Kwa hiyo jarida linalopata faida ya shilingi 700,000 kila toleo litashindwa kumlipa mpiga chapa katika mwezi wake wa pili, na laki saba zake zikiwa bado mifukoni mwa mawakala.

Ndugu zangu, hili ndilo funzo kubwa kuliko yote katika somo hili. Hesabu ya faida na hasara hueleza kama biashara ina afya. Hesabu ya fedha taslimu, mwezi kwa mwezi, hueleza kama itaishi mpaka mwezi ujao. Mpango wenye hesabu ya kwanza bila ya pili haujakamilika, nao urudishwe kwa mwandishi wake kwa heshima. Kumbukeni pia zile shilingi 7,500,000 za vyombo. Kama pikipiki ingesubiri, jarida lingepumua.

6. Malipo ya mwaka ni deni

Mpango ulikuwa na jawabu kwa tatizo la fedha taslimu: wasomaji walipe mwaka mzima kwa mkupuo, shilingi 20,000 badala ya 24,000. Wasomaji 480 wangeleta shilingi 9,600,000 mara moja. Katika makisio, fedha hizo zote ziliandikwa kuwa mapato ya mwezi wa kwanza.

Uandishi huo haukubaliki. Mtu aliyelipa shilingi 20,000 ananunua matoleo 12, na siku anapolipa hajapewa hata moja. Kila toleo linapomfikia, ndipo sehemu moja ya kumi na mbili inapokuwa mapato. Kwa wasomaji 480, hiyo ni shilingi 800,000 kwa mwezi. Baada ya matoleo manne, mapato halali ni shilingi 3,200,000. Zile 6,400,000 zilizobaki ni deni, nazo ziandikwe upande wa madeni. Jarida likifa mwezi huo, wasomaji 480 watadai. Nao hawatamdai kijana aliyekwisha kuhitimu na kwenda zake. Watakuja kwenye dirisha la chama kilichotangaza jarida hilo na kupokea fedha zao.

Kanuni hiyo hutumika kwa kila fedha inayopokelewa kabla ya kazi: amana ya mteja wa lori, malipo ya awali ya mnunuzi wa mazao, kodi ya ghala ya mwaka mzima. Mali bila daftari huisha bila habari. Na daftari lenye deni lililoandikwa kuwa pato humdanganya hata mwenye mali.

7. Waliotangulia

Majarida yaliyoanzishwa na vijana ni mengi duniani. Tutazame mifano michache kwa jicho la mhasibu.

Mwaka 1922 vijana wawili wa Marekani, Briton Hadden na Henry Luce, waliokuwa wamehariri pamoja gazeti la wanafunzi la Chuo Kikuu cha Yale, walitafuta mtaji wa dola 100,000 kuanzisha jarida la Time. Walipata kama dola 86,000, nalo likatoka Machi 1923. Yafaa tuone walivyopunguza gharama. Hapo mwanzo hawakutuma waandishi kila pembe ya dunia, bali walisoma magazeti ya wengine, wakafupisha na kupanga habari upya. Gharama zisizobadilika zikawa ndogo mpaka wasomaji walipoongezeka.

Hapa kwetu, mwezi Novemba 1969 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walianzisha jarida la Cheche. Walilichapa kwa stensili, na kazi waliifanya wenyewe kwa kujitolea. Halikuwa na sura ya kupendeza, lakini lilisomwa na kujadiliwa sana, na mwaka 1970 lilitoa toleo maalumu la maandishi ya Issa Shivji ambayo yangali yakitajwa hadi leo. Jarida hilo lilipigwa marufuku na serikali Novemba 1970. Twapata hapo mafunzo mawili. Kwanza, msomaji hafuati jalada la rangi, hufuata jambo linalomhusu. Pili, uhai wa jarida hutegemea pia ruhusa ya kisheria. Leo Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inadai leseni kwa magazeti na majarida, hivyo swali la leseni lijibiwe kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.

Mfano wa tatu ni wa wanaushirika wenyewe. Mwaka 1871 huko Manchester, Uingereza, miaka 27 baada ya waasisi 28 wa Rochdale kuanzisha chama chao, vyama vya ushirika viliunda gazeti lao, Co-operative News. Linachapishwa hata sasa. Nguvu yake tangu mwanzo ilikuwa katika umiliki: vyama vilikuwa wenye hisa, na wanachama wa vyama hivyo hivyo ndio waliokuwa wasomaji. Katika mpango wa wanafunzi wetu, vyama vingetoa "mchango". Hakuna mstari uliosema faida ingekuwa ya nani, vyombo vingebaki kwa nani, wala hasara ingebebwa na nani. Mahali ambapo mpango umenyamaza juu ya hasara, jueni kwamba mwenye fedha ndiye atakayeibeba.

8. Mpango uliorekebishwa

Maoni yangu hayakuwa kukataa. Niliwashauri vijana waandike upya kwa misingi ifuatayo, nao wamefanya hivyo:

(a) Jarida litoke mara moja kila miezi mitatu, kurasa nane, rangi moja, bei shilingi 1,000.

(b) Kila chama kiagize nakala 25 kwa ajili ya vikundi vya kujisomea, na kilipe kabla ya kuchapwa. Vyama 40 vitaleta shilingi 1,000,000 kwa toleo.

(c) Zichapwe nakala 1,000 zilizolipiwa, isizidi hata moja. Kuchapa ni shilingi 450,000, kupanga kurasa shilingi 250,000, safari shilingi 200,000, jumla shilingi 900,000. Ziada ni shilingi 100,000.

(d) Nakala zichukuliwe na Makatibu wenyewe wanapohudhuria mkutano wa chama kikuu. Hapatakuwa na wakala, kamisheni wala pikipiki.

(e) Kompyuta itumike ile iliyopo ofisi ya chama kikuu, kwa ratiba.

(f) Majaribio yawe matoleo matatu. Vyama vinavyoagiza vikipungua chini ya 36, kazi isimame na hesabu zifungwe. Kwa vyama 36 mapato ni shilingi 900,000, sawa na matumizi yote. Chini ya hapo kila toleo ni hasara.

(g) Hesabu ya kila toleo ichapwe katika toleo linalofuata, ukurasa wa mwisho, mbele ya macho ya wote.

Linganisheni hatari. Katika mpango wa kwanza chama kiliweka rehani shilingi 300,000 kabla ya kuona chochote. Katika mpango wa pili kinatoa shilingi 25,000 kwa toleo, na kwa majaribio yote 75,000, huku kikipokea nakala kwa kila fedha iliyotolewa. Jarida hili ni dogo kuliko lile la ndoto, lakini lina uwezo wa kufika toleo la nne, na toleo la nne ndilo litakalopata haki ya kuomba kurasa nyingine nane.

Hata kiasi hiki kidogo, Ndugu Makatibu, kisitolewe kwa barua ya Katibu na Mwenyekiti peke yao. Kiwe ndani ya makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu. Kama hakimo, kisubiri mkutano. Tena wanachama waelezwe waziwazi kile wanachonunua, pamoja na uwezekano wa jarida kushindwa.

9. Maswali ya kujadili kikundini

1. Rudieni hesabu ya sehemu ya 4. Kama bei ingekuwa shilingi 2,500, na kamisheni ibaki asilimia 20, ni nakala ngapi zingetosha kulipa gharama bila matangazo? Je, bei hiyo ingepunguza wanunuzi?

2. Chukueni mradi mmoja wa chama chenu. Ni gharama zipi hulipwa hata siku ambayo hakuna mteja?

3. Chama chenu kina fedha zipi zilizopokelewa kabla ya kazi kufanyika? Zimeandikwa upande gani wa vitabu?

4. Mpango uliopita ulioletwa mbele ya Bodi yenu ulisema nini juu ya hasara? Kama ulinyamaza, ni nani aliyeuliza?

5. Andikeni barua fupi, isiyozidi ukurasa mmoja, ya kumrudishia kijana mpango wake wenye kasoro bila kumvunja moyo. Waliosoma barua hiyo waseme kama wangerudi tena na mpango mpya.

Majibu ya swali la 1 na la 5 yatumwe kwa Idara ya Elimu ya chama kikuu. Barua zitakazofaa zitachapwa katika taarifa ijayo, kwa manufaa ya vyama vyote.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika